Ukurasa wa kilobaiti 16: kisa cha michezo ya Windows kwenye Mac zenye Linux

Tarehe 10 Oktoba 2024 mradi wa Asahi Linux ulitangaza kwamba michezo kama Fallout 4, The Witcher 3, Control na Cyberpunk 2077 inachezeka kwenye kompyuta za Mac zenye chipu za M1 na M2, ndani ya Linux, bila macOS kuhusika. Ukiipitia habari hiyo juu juu utadhani kilichopatikana ni mfasiri mzuri wa maelekezo ya prosesa: michezo iliandikwa kwa ajili ya x86, ukoo wa prosesa za Intel na AMD, chipu za Apple ni za usanifu wa Arm, basi mtu akaandika programu ya kugeuza ya kwanza kuwa ya pili na kazi ikaisha. Lakini programu hiyo, FEX, ilikuwepo tayari. Wine, inayoziwezesha programu za Windows kuendeshwa kwenye Linux, ilianza mwaka 1993. DXVK, inayogeuza amri za Direct3D (amri za michoro za Windows) kuwa za Vulkan (amri za michoro zinazotumika pia kwenye Linux), ilikuwa na miaka sita. Draiva ya Vulkan ya chipu hizo, Honeykrisp, ilikuwa imefaulu majaribio rasmi ya Vulkan 1.3 tangu Juni mwaka huohuo. Vipande vyote vilikuwa mkononi, na bado ukibofya mchezo wa Windows haukufunguka.

Kilichokwamisha ni ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha vizuri kuliko majedwali yote ya kasi mahali ugumu ulipo mchezo unapohamishiwa kwenye prosesa ya ukoo mwingine. Maelekezo yenyewe yameandikwa kwenye vitabu vya mwongozo, na mtu mwenye subira atayafasiri moja baada ya jingine. Shida iko kwenye mambo ambayo mchezo unayachukulia kuwa yapo, ambayo hakuna mtunzi wa mchezo aliyewahi kuyaandika popote kwa kuwa hakuwahi kuona kompyuta isiyo nayo.

Ukurasa ni nini, na kwa nini ukubwa wake una uzito

Prosesa haigawi kumbukumbu baiti kwa baiti. Huikata vipande vya ukubwa mmoja viitwavyo kurasa, na kila ukurasa una maelezo yake katika jedwali: uko wapi kwenye RAM halisi, unasomeka, unaandikika, msimbo wake unaruhusiwa kuendeshwa au la. Ruhusa hizi hutolewa kwa ukurasa mzima. Huwezi kuruhusu nusu na kukataza nusu.

Kwenye x86 ukurasa wa kawaida ni baiti 4096, yaani 4K, na imekuwa hivyo tangu prosesa ya 80386 ya mwaka 1985. Kwenye Arm ya biti 64 kuna saizi tatu: 4K, 16K na 64K. Linux ya Arm huchagua moja wakati kerneli, sehemu ya msingi ya mfumo endeshi, inapotengenezwa, na kuanzia hapo mfumo wote unaishi na uamuzi huo. Asahi ilichagua 16K, na haikuwa na ujanja, kama tutakavyoona.

Sasa tazama faili moja la kawaida la Windows, tuseme DLL ndogo, yaani maktaba ya msimbo, ya mchezo. Faili za namna hii hupangwa kwa sehemu, na kila sehemu huanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 4096. Kichwa cha faili kinakaa 0x0000 (anwani huandikwa kwa msingi wa 16, ambako 0x1000 ni 4096). Msimbo unaanzia 0x1000 na kuishia 0x2FFF. Data inayobadilika wakati mchezo unaendelea inaanzia 0x3000. Kwenye x86 hizo ni kurasa nne: mmoja wa kichwa, miwili ya msimbo usioandikika, mmoja wa data inayoandikika. Kila kitu kina chumba chake.

Kwenye mashine ya 16K, anwani zote kutoka 0x0000 hadi 0x3FFF ni ukurasa mmoja. Msimbo na data vimelala chumba kimoja, na mlango ni mmoja.

Mtu atauliza: si tuufungue ukurasa wote uandikike, yaishe? Kwa programu ya kawaida pengine. Kwa programu inayofasiriwa, hapana. Mfasiri kama FEX husoma kipande cha msimbo wa x86, huandaa kipande cha Arm chenye maana ileile, kisha hukihifadhi ili kitumike tena. Lakini mchezo una haki ya kubadilisha msimbo wake wakati wowote. Mifumo ya ulinzi dhidi ya kunakili hufanya hivyo, na injini zenye kutengeneza msimbo papo kwa papo hufanya hivyo kila mara. Mfasiri atajuaje kwamba tafsiri aliyoihifadhi imepitwa na wakati? Njia mojawapo iliyozoeleka ni kuufungia uandikaji ukurasa wenye msimbo uliokwisha kufasiriwa. Mchezo ukijaribu kuandika hapo, prosesa inapiga kengele, mfasiri anaamka, anatupa tafsiri ya zamani na kuufungua ukurasa.

Kwenye ukurasa wa 4K kengele hiyo hulia kwa nadra, kwa kuwa ukurasa wa msimbo ni wa msimbo. Kwenye 16K ya mfano wetu, kila mchezo unapogusa data yake ya 0x3000, kengele inalia kwa ajili ya msimbo ambao haukuguswa. Kama data hiyo ni kihesabio kinachoongezwa kila fremu, mfasiri atashinda akitupa na kutengeneza upya tafsiri zilezile.

Na hayo ni ya mchezo uliobahatika kufika hapo. Mara nyingi safari hukatika mapema zaidi, pale programu inapoomba mfumo ubadilishe ruhusa za baiti 4096 kuanzia anwani inayoishia na 1000. Kerneli ya 16K inaangalia anwani, inaona haiangukii kwenye mpaka wa ukurasa, inakataa. Mchezo hauna mpango mbadala wa jibu hilo, kwa sababu kwenye Windows ya x86 jibu hilo halitokei.

Kuna kitu hapa kinachowachanganya hata watu wenye uzoefu. Windows hugawa nafasi mpya za anwani kwa mafungu ya 64K, na 64K inagawanyika kwa 16K bila kubaki kitu. Kwa hiyo mianzo ya mafungu inaangukia vizuri, na ukipima kwa programu ndogo ndogo unaweza kuamini kwamba hakuna tatizo. Tatizo liko ndani ya fungu, ambako ruhusa hugawanywa kwa 4K.

Njia zilizokuwepo

Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kuiwasha Linux kwa kurasa za 4K. Viini vya prosesa ya M1 vinaikubali 4K bila shida. Kisichokubali ni DART, kifaa cha Apple kinachosimamia jinsi vifaa vingine kama USB, skrini na hifadhi vinavyoifikia RAM. DART inahesabu kwa 16K. Kerneli ya Linux kwa upande wake imejengwa juu ya dhana kwamba kifaa cha namna hiyo kinaweza kushughulikia vipande vidogo kama ukurasa wa prosesa au vidogo zaidi. Ukiweka prosesa 4K na DART 16K, draiva inayoomba ukurasa mmoja uonekane na kifaa inalazimika kukionyesha kifaa kurasa nne, tatu zikiwa mali ya wengine. Viraka vya kulizunguka jambo hilo viliandikwa, lakini kila draiva ni kesi yake. Isitoshe, 16K ina faida za kweli: jedwali dogo la ndani ya prosesa linalokumbuka kurasa za karibuni hufunika kumbukumbu mara nne zaidi kwa idadi ileile ya mistari. Kuirudisha mashine nzima kwenye 4K kwa ajili ya michezo kungekuwa kuwatoza wote gharama ya wachache.

Njia ya pili ni ile aliyoichukua Apple mwenyewe. Kwenye macOS, programu ya x86 inayopita kwa mfasiri wa Rosetta 2 hupewa kurasa za 4K huku programu nyingine zikibaki na 16K, zote chini ya kerneli moja. Ni suluhisho safi sana, na ni rahisi kwa mtu anayemiliki chipu, kerneli na mfasiri kwa pamoja. Kwenye Linux ukubwa wa ukurasa umetapakaa katika msimbo wote wa usimamizi wa kumbukumbu kama namba isiyobadilika. Kuugeuza uwe wa kila mchakato peke yake ni kazi ya miaka, na wenye kerneli wangekuwa na haki ya kuuliza kwa nini wabebe mzigo huo.

Njia ya tatu ni mfasiri ajifanye yeye ndiye prosesa kamili, ashike jedwali lake la kurasa na kulikagua kila mchezo unapogusa kumbukumbu. Hiyo hufanya kazi kwa kila kitu, na kwa kasi isiyomfaa mtu yeyote anayetaka kucheza. Inatosha kwa majaribio ya mfumo endeshi. Kwa mchezo wa fremu 60 kwa sekunde usiiwaze.

Iliyobaki ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, yenye kerneli yake, na hapa ndipo wengi walipokunja uso. Mashine pepe ina sifa ya uzito, na mchezo juu yake unasikika kama wazo la mtu aliyekata tamaa. Lakini uzito huo watu huukumbuka kutoka kwenye mazingira mengine, ambako mashine pepe inaiga vifaa vya zamani vya skrini na diski. Hapa mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) na mwenyeji (mfumo unaoibeba) wote ni Linux ya Arm, juu ya prosesa ileile, na maelekezo ya mgeni yanaendeshwa moja kwa moja. Kinachotofautiana ni kimoja tu: kerneli ya mgeni imetengenezwa kwa 4K. Mwenyeji anabaki na 16K yake na DART yake, mgeni haoni DART wala hahitaji kujua kwamba ipo.

Ndivyo ilivyofanyika. Zana inaitwa muvm, imejengwa juu ya libkrun, na inawasha mashine pepe ndogo mno kwa ajili ya programu moja. Mfumo wa faili unaouona mchezo ni ule ule wa mwenyeji. Chipu ya michoro haiigwi: draiva iliyo upande wa mgeni huandaa amri halisi za chipu ya Apple, kisha huzipitisha kwa mwenyeji azifikishe kwenye kifaa. Pedi za mchezo nazo hupitishwa. Gharama inayobaki ni kwamba kila anwani inatafsiriwa kwa ngazi mbili, ya mgeni na ya mwenyeji, na kwamba mgeni anahitaji fungu lake la RAM. Gharama ya pili ndiyo inayouma. Wenye mradi walisema wazi kwamba michezo mingi inahitaji kompyuta ya gigabaiti 16, na aliyenunua Mac ya gigabaiti 8 hana la kufanya maana RAM haiongezwi.

Mnyororo wenyewe

Hesabu tabaka ambazo mchezo wa Windows unapitia hapa. Mchezo unaita Windows, Wine inajibu. Mchezo unaita Direct3D, DXVK au vkd3d-proton inageuza iwe Vulkan. Vulkan inakwenda kwa draiva. Na kwa jinsi ilivyokusanywa mwanzoni, yote hayo yalikuwa x86: mchezo, Wine, DXVK, mpaka draiva ya Honeykrisp yenyewe, ambayo iliandaliwa nakala yake ya x86 ili ikae ndani ya mazingira ya FEX. Ndiyo kusema, draiva ya chipu ya Apple ilitengenezwa kwa ajili ya prosesa ambayo haijawahi kukaa kompyuta moja na chipu hiyo, kisha ikafasiriwa kurudi kwenye Arm.

Inachekesha, lakini ina mantiki. Kuruka kutoka msimbo unaofasiriwa kwenda kwenye maktaba halisi ya Arm katikati ya safari kunahitaji daraja kwa kila wito, na kwa mchezo wa biti 32 daraja hilo ni gumu zaidi kwa kuwa hata urefu wa anwani haufanani. Chipu za M1 haziendeshi kabisa msimbo wa Arm wa biti 32, kwa hiyo Box86, mfasiri mwingine wa x86, iliyotegemea Arm ya biti 32, hapa haina nafasi. FEX hufasiri biti 32 za x86 kwenda biti 64 za Arm. Kubeba kila kitu kama x86 kulikuwa polepole zaidi na kukafanya kazi mapema zaidi. Ningekuwa nao ningechagua vivyo hivyo.

Upande wa michoro ulikuwa na masaibu yake, na sitayakalia. Moja tu: Direct3D 11 inadai ugawaji wa maumbo ya pembetatu kuwa madogo zaidi papo kwa papo, na kifaa cha Apple cha kazi hiyo kina mipaka mingi mno kutimiza dai hilo, kwa hiyo Honeykrisp inaifanya kazi hiyo kwa programu za hesabu za jumla kwenye chipu ileile ya michoro. Hicho si kisa cha prosesa.

Utaratibu wa kuandika

Ukurasa ulipotatuliwa, jambo la pili lililoonekana lilikuwa tayari na dawa yake, jambo ambalo ni bahati ya mashine hizi na si ya nyingine.

Chukua nyuzi mbili za mchezo, yaani mikondo miwili ya kazi inayoendeshwa sambamba. Wa kwanza unaandaa kipande cha sauti: unaandika data kwenye kumbukumbu, kisha unaandika 1 kwenye alama iitwayo tayari. Wa pili unazunguka ukiitazama alama. Ikiwa 1, unasoma data na kuicheza. Kwenye x86, kiini kingine kikiiona alama kuwa 1, data imeshaonekana, kwa sababu x86 huhakikisha maandishi yanaonekana kwa wengine kwa mpangilio yalivyoandikwa. Arm haitoi ahadi hiyo. Inaruhusu alama ionekane kabla ya data, ila mtunzi akiomba utaratibu kwa maelekezo maalumu. Watunzi wa michezo ya x86 wengi hawakuomba, na mchezo wao haukuwahi kuwaadhibu.

Mfasiri hawezi kujua ni maandishi gani kati ya mamilioni yanahusu nyuzi mbili na yapi ni ya uzi mmoja. Akitaka usalama inabidi kila kusoma na kila kuandika kufanywe kwa maelekezo ya Arm yenye kushika utaratibu. Hayo ni mazito kuliko ya kawaida. Tena yana masharti ya mpangilio wa anwani: kwenye prosesa mpya za Arm, anwani isiyopangika ikivuka mpaka wa baiti 16, prosesa inagoma. x86 haijali, kwa hiyo michezo imejaa anwani za hovyo. FEX hunasa mgomo huo, hurekebisha kipande husika kitumie njia nyingine, na kuendelea.

Apple waliliona hili walipopanga Rosetta 2, wakaweka swichi ndani ya prosesa: uzi ukiiwasha, kiini kinashika utaratibu wa x86, ule unaojulikana kama TSO, na maelekezo ya kawaida yanatosha. Kerneli ya Asahi ina kiraka kinachoruhusu programu kuiomba swichi hiyo, na FEX huiomba. Kiraka kilipopelekwa kwa wasimamizi wa Linux ya Arm mwaka 2024 hakikupokewa vizuri. Hofu yao ilikuwa kwamba programu za Arm zenye makosa zingewasha swichi na kuacha kujirekebisha, kisha zishindwe kwenye chipu nyingine. Hofu hiyo naielewa. Lakini kwa mfasiri hakuna kosa la kurekebisha, mchezo ni wa mwaka 2011 na waliouandika wameshatawanyika.

Mashine zisizo na swichi

Kisa kinageuka kabisa ukihamia kwenye Snapdragon, chipu za Arm za Qualcomm. Huko ukurasa wa 4K ni wa kawaida na mashine pepe haihitajiki, ila kwa nyingi swichi ya utaratibu haipo. Novemba 2025 Valve, wenye duka la michezo la Steam, walitangaza Steam Frame, kifaa cha kuvaa kichwani chenye Snapdragon 8 Gen 3, na michezo ya x86 humo inapita kwa FEX ileile. Mwelekeo wa kazi kwa sasa ni kupunguza kiasi cha msimbo unaofasiriwa: Wine inatengenezwa kama programu halisi ya Arm, na mfasiri anaitwa kwa ajili ya mchezo wenyewe tu. Yale matabaka manne ya x86 yanabaki moja.

Kwenye Windows ya Arm, Microsoft wameliweka suala hili mbele ya mtumiaji bila kulieleza. Ukifungua sifa za programu ya x86, kwenye mipangilio ya ulinganifu, kuna machaguo ya namna viini vingi vinavyoshughulikiwa: haraka, kwa ukali, kwa ukali zaidi, na la mwisho linaloilazimisha programu itumie kiini kimoja. Kiini kimoja hakiwezi kujikuta kimesoma alama kabla ya data yake chenyewe.

Hayo yanasaidia kumchunguza mgonjwa. Mchezo unaokufa papo hapo, kabla hata dirisha halijafunguka, kwenye kerneli ya 16K, usihangaike na mipangilio ya michoro. Tazama ukurasa kwanza. Mchezo unaoganda bila mpangilio, leo baada ya dakika tano na kesho baada ya saa nzima, mahali tofauti kila mara, una dalili za utaratibu wa kumbukumbu, na kuubana kwenye kiini kimoja kutakuambia kama dhana ni sahihi hata kama kasi itaanguka. Mchezo wa zamani unaokwenda polepole kwa kushangaza huku ule mpya mkubwa ukienda vizuri, aghalabu unatumia hesabu za desimali za x87 (kitengo cha zamani cha hesabu cha x86) zenye biti 80, ambazo Arm haina kifaa chake na mfasiri anazikokotoa kwa mkono. FEX ina chaguo la kuzipunguza hadi biti 64, na michezo mingi haitambui tofauti. Na mchezo wa mtandaoni unaokutoa nje kwa ujumbe wa programu ya kuzuia udanganyifu hauna tiba upande wako: programu nyingi za aina hiyo hukaa ndani ya kerneli ya Windows, na mfasiri hufasiri programu za mtumiaji, hafasiri kerneli.